Zilizorukwa

Ofisini walimwita Kiroboto, na wala hawakumwonea. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, lakini robo saa kitini ilimshinda. Atainuka kuangalia kama birika limechemka, atarudi, atainuka tena kuangalia kama dirisha la choo limefungwa, atapitia kwenye mashine ya majaribio kuona kama taa bado ni ya kijani. Kazi yake ilikuwa kupima programu za wenzake, yaani kushuku kutwa nzima, na kwa roho aliyopewa angeifanya kazi hiyo hata likizoni.

Siku hiyo kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshainuka mara sita, na safari hii alikuwa na sababu. Fundi mitambo wa hospitali alikuwa amepiga simu.

"Pampu ya kitanda cha tisa ilikataa agizo Alhamisi," fundi alimwambia, sauti ya mama mtu mzima asiyependa kusumbua watu. "Ikasimama, ikaanza kulia. Nesi akabonyeza tena, ikakubali. Nimeona niwaambie kabla hamjapeleka kiwandani."

"Mliandika namba zake?"

"Namba gani, dada? Mgonjwa anahema juu juu, nani wa kuandika namba?"

"Na mgonjwa yukoje?"

"Hajambo. Nesi alikuwa karibu. Siku nyingine huwa hayuko karibu."

Pampu zenyewe ndizo zile za kudondosha dawa kwenye mshipa wa mgonjwa, tone kwa tone. Zinapokea maagizo kwa waya, na ili mtu yeyote asije akaongeza dozi kwa utani au kwa ubaya, kila agizo hubeba sahihi. Si sahihi ya kalamu. Ni namba ndefu mno, na pampu huikagua kwa hesabu ya mkunjo: inaanzia nukta moja ya mkunjo, yaani mstari uliopinda, inaruka kwenda nyingine, na nyingine, maelfu ya hatua za kuzidisha na kujumlisha, na mwisho ikitua pale inapotakiwa kutua, agizo ni la daktari. Isipotua pale, agizo ni la mwongo na pampu inasimama. Hesabu hiyo aliiandika Mjomba. Saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo kiwanda kingeanza kuichoma kwenye chipu za pampu elfu nne, na chipu ikishachomwa haifutiki.

Kwa hiyo Kiroboto alikuwa na saa tano tu za kulitafuta kosa.

Mjomba alikuwa mjomba wake kweli, kaka wa tumbo moja na mama yake, na pia ndiye mkuu wa ofisi, na pia ndiye aliyemfundisha kujumlisha akiwa hajaota meno ya mbele. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kimejaa madaftari ya miraba. Alimkuta ananoa penseli.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa. Mjomba, hospitali wamepiga." Akamweleza.

"Nesi alibonyeza vibaya," Mjomba akasema, akipuliza vumbi la penseli. "Hesabu ile ina miaka kumi na tano. Unaipima kila siku. Imewahi kukosea?"

"Haijawahi."

"Sasa? Keti basi, unanitia kizunguzungu. Mama yako alinipigia jana, mlango wake wa jikoni umevimba kwa mvua, anataka niende kuuranda. Fundi seremala yuko nyumba ya tatu, lakini lazima niende mimi." Akacheka. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mjomba," akajibu, akatoka haraka kabla uso haujamsaliti.

Hapo ndipo palipomuuma, na tuseme wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Tangu mwaka uliopita Mjomba alikuwa anapoteza vitu. Kwanza miwani, na nani hapotezi miwani. Kisha neno katikati ya sentensi. Kisha siku moja akaleta mistari ya programu iliyopangwa ovyo, mwisho umekuja mwanzo, na Kiroboto akairekebisha bila kusema kitu. Tangu siku hiyo alikuwa anafika kazini saa moja asubuhi, anafungua alichoandika Mjomba jana yake, anapita mstari kwa mstari, anatengeneza, anafunga. Mjomba akifika saa mbili anakuta kazi yake imenyooka, anafurahi. Wenzake walidhani Kiroboto ana bidii. Alikuwa anajitia hamnazo, basi.

Na asubuhi hiyo hofu yake haikuwa pampu peke yake. Aliogopa kwamba kuna kosa la mwaka huu lililompita. Kwamba Mjomba aligusa hesabu ya mkunjo siku fulani kichwa kikiwa kimetoka matembezini, na yeye, mlinzi wa siri, alikuwa amesinzia.

Akafungua faili la hesabu na kutazama tarehe, mkono ukiwa mdomoni. Halikuguswa miaka kumi na tano. Hata nukta. Akacheka peke yake kwa sauti, mpaka Mama Karatasi, katibu wa ofisi, akachungulia kutoka meza yake.

"Kuna heri?"

"Ipo, mama."

Heri ilidumu kama dakika nne. Kama kosa lipo na lina miaka kumi na tano, basi swali liligeuka likamtazama yeye machoni: miaka minane umekaa hapa unapima, ulikuwa unapima nini?

Akaenda dirishani. Akarudi. Akafungua ripoti ya majaribio ya asubuhi, ile ile aliyokuwa akiisoma kila siku kwa kuangalia rangi tu. Majaribio milioni moja, yote salama. Akashuka chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Zilizorukwa: mia mbili na kumi na mbili.

Aliijua namba hiyo. Aliichagua yeye.

Namba ya sahihi ni ndefu kiasi kwamba kompyuta haiwezi kuishika kwa mkono mmoja, hivyo huikata vipande vinane na kuvitia kwenye visanduku vinane. Ukijumlisha na kisanduku kikajaa, unafanya kama ulivyofundishwa darasa la pili: unaandika kinachoingia, unabeba moja kwenda kisanduku kinachofuata. Kisanduku cha nane kikifurika, ziada inarudishwa mwanzoni, kwenye kisanduku cha kwanza. Namba za kuokota ovyo hazijai namna hiyo mara nyingi, kwa hiyo Kiroboto, enzi hizo akiwa mgeni na mwenye makeke, alitunga namba mia mbili na kumi na mbili za ukingoni, visanduku vyake vimejaa pomoni, makusudi azitese hesabu za Mjomba.

Zikamtesa yeye. Programu aliyoiandika ya kutafuta jibu la kweli la kulinganishia ilikuwa na visanduku vidogo, ikafurika yenyewe kabla hata hesabu ya Mjomba haijaguswa, na majaribio yote yakasimama. Ilikuwa Ijumaa saa kumi. Kesho yake alikuwa bibi harusi. Shangazi zake walikuwa wanampigia simu kila dakika tano kuulizia viatu. Akaandika mstari mmoja: ikifurika, ruka. Na pembeni akaweka maelezo, ambayo sasa aliyasoma kwa macho makavu: *Nitarekebisha Jumatatu.*

Jumatatu hiyo ilikuwa na umri wa miaka minane. Ilikuwa na watoto wawili. Na ripoti, kwa vile hakuna aliyeiambia vinginevyo, ilikuwa ikizihesabu zilizorukwa kuwa zimepita salama.

Alikaa sasa. Kisha akapiga moyo konde, akaanza kumwandika mkaguzi upya, ile programu ya kulinganishia, safari hii bila visanduku kabisa: namba ndefu kadiri zinavyotaka, tarakimu moja moja, njia ya darasa la pili, polepole kama mtu anayehesabu vidole. Mara mbili alikosea kwa haraka, mara mbili akafuta. Saa sita na nusu akaufuta ule mstari wa kuruka, akabonyeza, akaenda ukumbini akarudi, akaenda tena.

Mia mbili na tisa za kijani. Tatu nyekundu.

Akazifungua tatu, na kosa likawa pale peupe, dogo la kutia aibu. Mjomba alikuwa amefikiria kisanduku cha nane kufurika. Alichosahau ni kwamba ziada ikirudi mwanzoni, na visanduku vyote vikiwa vimejaa, ile moja itapita vyote vinane na kufurika mara ya pili. Hiyo ya pili hakuna aliyeipokea. Inadondoka, jibu linakuwa la uongo, na agizo la kweli linakataliwa.

Akapiga hesabu kwenye kipande cha bahasha. Hatua moja kati ya bilioni nne na kitu. Majaribio yake ya kuokota, milioni kwa siku, yangehitaji karibu miaka kumi na miwili kulikuta kosa mara moja. Lakini pampu haikai bure. Hata agizo lisipobadilika, linarudiwa kila sekunde kumi na kukaguliwa upya, na kila ukaguzi ni hatua elfu tatu. Kwa pampu ishirini za majaribio pale hospitali, kosa litatokea mara moja katika siku nane hivi. Kitanda cha tisa. Kwa pampu elfu nne, mara ishirini na nne kwa siku. Ishirini na nne, kila siku ya Mungu, mahali fulani pampu itasimama na kulia, na si kila mahali nesi atakuwa karibu.

Mama Karatasi alikuwa tayari na barua ya ruhusa mezani. Mjomba ameshatia sahihi. Muhuri uko mkononi.

"Usigonge, mama."

"Kiroboto, mwanangu, muhuri umeshalowa wino. Ukikauka sitaki lawama."

"Nipe nusu saa tu."

Mama Karatasi akamwangalia usoni, akaushusha muhuri taratibu. "Dakika ishirini," akasema.

Angeweza kuchomoka hapo hapo na uongo mdogo: barua ina tarehe mbaya, kiwanda kisubiri mpaka kesho. Asubuhi angerekebisha mstari mmoja, Mjomba akifika angekuta kazi imenyooka. Wazo lilimpitia, na lilikuwa tamu. Lakini kiwanda kilipokea amri ya kusimama kutoka kwa Mjomba tu, na Mjomba hakuwahi kusimamisha kitu ambacho hakukiona kwa macho yake.

Kwenye ofisi ile ugomvi wa namba ulikuwa na mahakama moja: karatasi ya miraba na penseli. Anayelalamika anataja, anayelalamikiwa anakokotoa, na anayetaja haruhusiwi kugusa karatasi. Ilikuwa sheria ya Mjomba mwenyewe. Mtu huamini mkono wake, alikuwa akisema, hata kama hamwamini mpwa wake.

"Kufurika mara ya pili?" Mjomba akasema alipomaliza kumsikiliza. Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa bidhaa bandia. "Nimeifanya hesabu ile kwa mkono mara hamsini. Lete karatasi."

Wakapunguza visanduku viwe vya tarakimu mbili ili karatasi itoshe, safu nane, ukomo tisini na tisa. Kiroboto akasimama upande wa pili wa meza, akataja. Mzunguko wa kwanza Mjomba aliumaliza kwa kasi, penseli inakwaruza, safu ya nane ikafurika, ziada ikarudi mwanzoni, vile vile alivyoiandika miaka kumi na tano nyuma.

"Sasa mzunguko wa pili," Kiroboto akasema. "Safu ya kwanza tisini na tisa, na moja iliyorudi."

"Mia. Naandika sifuri mbili, nabeba moja." Akaweka kikwaju kidogo, alama ya ile moja ya kubeba, juu ya safu ya pili, kama alivyomfundisha yeye utotoni.

"Tisini na tisa."

"Na moja, mia. Sifuri mbili, nabeba moja."

Ya tatu hivyo. Ya nne hivyo. Kiroboto alikuwa anakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Ya tano hivyo.

"Sifuri mbili," Mjomba akasema, kisha penseli ikasimama hewani. "Unajua mama yako alinipigia jana? Mlango wake wa jikoni umevimba. Anataka niende kuuranda mimi, na fundi seremala yuko nyumba ya tatu."

"Ndiyo, Mjomba."

"Tunaendelea. Safu ya sita."

Kiroboto akataja. "Tisini na tisa."

"Tisini na tisa," Mjomba akasema, akaandika tisini na tisa.

"Safu ya saba, tisini na tisa."

"Tisini na tisa."

"Ya nane. Tisini na tisa."

Mjomba akaandika, akapiga mstari chini, akaweka penseli. "Kiko wapi? Hiyo ya pili iko wapi? Hakuna kilichobaki." Akamsukumia karatasi, na uso wake ulikuwa umejaa furaha safi, ya ushindi, furaha ya mtu ambaye hakuwa na siku nyingi za namna hiyo tena. "Mkaguzi wako ndiye mwongo. Mwambie Mama Karatasi agonge."

Kiroboto alimpenda sana dakika hiyo, na alitamani sakafu impokee. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika kumi.

"Mjomba," akasema. "Safu ya sita."

"Ina nini?"

"Ulikuwa na moja ya kubeba."

Mjomba akaivuta karatasi. Ncha ya penseli ikapita juu ya safu, midomo ikitembea bila sauti. Juu ya ya pili kikwaju. Ya tatu, kikwaju. Ya nne, ya tano. Juu ya ya sita palikuwa peupe. Ncha ikarudi hapo mara mbili. Kisha akafuta, akaandika sifuri mbili, akaweka kikwaju, akaenda ya saba, akaenda ya nane. Moja ikabaki. Hakukuwa na safu ya tisa ya kuipokea, kwa hiyo akaiandika nje ya mstari, pembezoni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Miaka kumi na tano," Kiroboto akasema, maneno yakimtoka kwa kukimbizana. "Lakini ni mimi, Mjomba. Zilikuwepo namba za kuliona, mkaguzi wangu akafurika, nikaandika ziruke. Harusi yangu ilikuwa kesho yake, nikasema Jumatatu nitarekebisha. Miaka minane nimekuwa nakuletea ripoti ya kijani ambayo—"

"Sikuulizi programu."

Nje ya mlango Mama Karatasi alikuwa anasogeza kiti.

Kiroboto angeweza kusema sijui. Aliifikiria vizuri hiyo sijui, akaiacha.

"Tangu mwaka jana," akasema. "Mwezi wa nne."

"Na unanirekebishia."

"Kila asubuhi. Kabla hujafika."

"Nilikuwa najiuliza." Mjomba aliitazama mikono yake, kwanza upande huu kisha ule. "Najikuta nimeandika vizuri vitu nisivyokumbuka kuviandika. Nikasema, basi bado niko sawa. Nilikuwa naogopa, halafu nikifika asubuhi naona niko sawa. Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyeniambia nikuangalie."

"Mngeniambia."

"Nilikuonea haya, Mjomba. Na niliogopa."

Mjomba alinyanyua simu, akapiga kiwandani, akaomba msimamizi, akajitaja. "Msichome," akasema. "Hesabu yangu ina kosa, ziada ya pili haipokelewi. Nitawaletea nyingine." Akasikiliza. "Hapana, si uchapaji. Ni langu. Niliandika mimi." Akaaga, akaiweka simu mahali pake, kisha akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Karatasi, hiyo barua ichane."

Wakasikia karatasi ikichanwa mara mbili.

"Kesho asubuhi," Mjomba akamwambia mpwa wake, "usiguse faili langu mpaka nifike. Makosa yangu nataka niyaone mwenyewe."

"Sawa."

"Nyekundu zilikuwa tatu. Zimebaki mbili. Taja."

Kiroboto akafungua karatasi yake. Akataja safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Mjomba akaandika, vikwaju vikipanda juu kimoja kimoja. Kwenye ya nne penseli ikasimama. Kiroboto aliuona mkono wa Mjomba ukitafuta, na ulimi wake ukawasha kwa hamu ya kusema, kama ulivyowasha mwaka mzima. Akauma ulimi. Mjomba aliitazama karatasi, akatazama dirisha, akarudi kwenye karatasi.

"Nilikuwa na moja?" akauliza.

"Ulikuwa nayo, Mjomba."